Meza ya kula ya kwenye boksi: tupeane uzoefu wa kuifunga

Wakuu, hizi meza zinazokuja zimelala kwenye boksi zimejaa majumbani, na nyingi zinayumba kabla sahani ya kwanza haijatua. Tuweke hapa namna ya kuzifunga. Hadithi tuziache, tutoe vipimo.

Naanza. Chana boksi, litandaze sakafuni, tandika blanketi, kisha laza uso wa meza kifudifudi. Hesabu vyuma kabla ya kushika chochote: miguu minne yenye bolti mbili mbili inataka bolti 8, washa (pete za chuma) za springi 8 na washa bapa 8. Kikipungua kimoja, rudi dukani leo, usisubiri mpaka umefunga miguu mitatu.

---

Naongezea mpangilio wa washa. Kwenye bolti inatangulia ya springi (ile iliyokatwa), inafuata bapa, ndipo ubao. Ukizigeuza, springi inatafuna mbao na bolti inalegea mapema.

---

Mleta mada, ugonjwa mkubwa ni kukaza mguu wa kwanza mpaka mwisho. Matundu huachiwa nafasi ndogo ya kuchezea. Ukikaza upande mmoja nafasi hiyo imekwisha, na ukifika mguu wa nne, bolti haioni tundu lake. Hapo mtu analazimisha, bolti inaingia kombo, uzi unakufa (wa bolti, si huu wetu).

Ingiza bolti zote 8 kwa vidole, mizunguko mitatu minne kila moja. Halafu kaza kidogo kidogo kwa kukatisha: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto. Rudia mpaka zigome.

Alenki (ule ufunguo uliopinda wa pembe sita) isiyo saizi inaua kichwa cha bolti. M8 (bolti ya unene wa milimita 8) ya kichwa cha silinda ni alenki ya milimita 6, M6 yake ni 5. Kama mguu unashikwa na nati ya M8 kwenye chuma cha kona, tafuta spana namba 13.

---

Vipi kuhusu drili ya chaji?

---

Kwenye chipubodi (ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi) iache, mkuu. Inazungusha skrubu kupita kiasi, maranda yanasagika, skrubu inabaki inazunguka bure. Tundu likishaharibika, chovya njiti za kiberiti kwenye gundi nyeupe ya mbao, zijaze humo, kata zilingane na ubao, acha siku nzima ndipo urudishe skrubu.

Na pima urefu: uso wa milimita 18 na skrubu ya 30 kwenye chuma chembamba, ncha itatokea juu mezani.

---

Kugeuza ni watu wawili, mnanyanyua moja kwa moja. Ukiiegemeza kwenye miguu miwili, uzito wote unavuta bolti na chipubodi inapasuka palepale.

---

Bado inayumba? Izungushe robo papo hapo. Mguu ule ule ukiendelea kuning'inia, kosa ni la meza: isimamishe sehemu tambarare, legeza bolti zote nusu mzunguko, mwenzio aukandamize uso, kaza upya. Ukining'inia mguu mwingine uliokuja mahali pale pale, ni sakafu. Bandika kipande cha raba.

---

Wa Dar, Tanga na Mombasa: miguu ya chipubodi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) hunywa maji ya kudekia na kuvimba. Paka vanishi nyayo zake meza ikiwa bado kifudifudi. Alenki ibandike kwa selotepu chini ya uso, maana baada ya wiki chache utaihitaji kukaza tena.