Ukoo wa Kisauni: Parsons kauzwa

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Salim (Arlington): Jamani Dallas wameuza Parsons

Salim (Arlington): WAMEMUUZA PARSONS

Salim (Arlington): Green Bay!!!

Shangazi Rehema: Innalillahi. Nani kauzwa?

Idi (Nairobi): Shangazi tulia, ni mambo ya mpira wa Marekani. Ule wa kuvaa helmeti. Parsons ni mchezaji wa Dallas, timu ya Salim, kauzwa timu ya Green Bay.

Shangazi Rehema: Ya Rabi. Saa tano hizi za usiku simu yalia mfululizo, mimi nishajitupia buibui natafuta viatu.

Salim (Arlington): Samahani Shangazi. Lakini huku ni msiba.

Mama Salim: Salim, neno msiba usilichezee.

Salim (Arlington): Naam Mama.

Zuhura (Milwaukee): Hamjambo wote 😊

Zuhura (Milwaukee): Nimesikia kuna mtu kataja Green Bay?

Salim (Arlington): Zuhura leo nakuomba. Nyamaza tu.

Zuhura (Milwaukee): Dadako nakuja na pole zangu mkononi, wewe wanifokea.

Mjomba Bakari (Irving): Nimeiona nikiwa kazini. Ni kweli. Tumepewa nafasi 2 za raundi ya kwanza, drafti ya 2026 na ya 2027, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, na Kenny Clark juu yake.

Idi (Nairobi): Kenny Clark ndiye nani?

Mjomba Bakari (Irving): Wa katikati ya safu ya ulinzi. Kipande cha mtu. Kazi yake kuziba njia, mpinzani asipite mbio na mpira tumboni.

Zuhura (Milwaukee): Mtu mzuri, kakaa kwetu tangu 2016. Lakini msimu uliopita kamwangusha kwotabeki mara 1. Moja.

Salim (Arlington): Na Parsons wetu mara 12. Na mechi 4 hakucheza kabisa kwa ajili ya kifundo cha mguu.

Shangazi Rehema: Huyo kwotabeki kafanya nini mpaka kila mtu ataka kumwangusha?

Idi (Nairobi): 😂😂😂

Salim (Arlington): Shangazi ngoja nikueleze, maana usingizi sina. Kwotabeki ndiye anayeshika mpira na kuamua utarushwa wapi. Akishaupokea ana kama sekunde 2 na nusu, 3 akijaliwa, aangalie mbele nani yuko wazi. Mbele yake wamesimama walinzi 5, majitu ya kilo 140. Sisi tunapeleka watu 4 wapenye hapo wamfikie kabla hajarusha. Wakimdondosha na mpira mkononi, hiyo ni seki, na timu yake inarudishwa nyuma. Hata wasipomfikia, akisikia tu nyayo anarusha ovyo. Hiyo ndiyo presha. Parsons alikuwa ndiye presha yenyewe. Miaka 4 Dallas, seki 52 na nusu.

Shangazi Rehema: Hiyo nusu waliangusha miguu peke yake?

Salim (Arlington): Wakimfikia wawili pamoja wanagawana, nusu kwa nusu.

Shangazi Rehema: Angalau wana adabu.

Idi (Nairobi): Sasa kama watu 4 hawatoshi si mpeleke 6? Au 7? Mmfunike tu.

Zuhura (Milwaukee): Hiyo inaitwa blitzi. Ukipeleka 6, nyuma wamebaki 5 kulinda uwanja mzima. Kwotabeki mwenye macho anaona pengo, mpira umeshaondoka, na wale 6 wako njiani bado wanakimbia.

Salim (Arlington): Ndiyo maana wanaoshinda ni wale wanaofika na 4 tu. Februari mwaka huu, Super Bowl, fainali yenyewe, Eagles wa Philadelphia na Chiefs. Kwotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, aliangushwa mara 6, na Eagles hawakupiga blitzi hata moja usiku mzima. HATA MOJA. Wanne wanaingia, saba wanalinda nyuma, Mahomes hana pa kurusha. Mapumziko ilikuwa 24 kwa 0. Ikaisha 40 kwa 22.

Mjomba Bakari (Irving): Nakumbuka. Josh Sweat peke yake 2 na nusu.

Salim (Arlington): Na sasa Mjomba nisikilize. Kocha wetu mpya wa ulinzi ni Matt Eberflus. Huyu si mtu wa blitzi. Tangu yuko Indianapolis mpaka Chicago mtindo wake ni ule ule: 4 wakimbize, 7 wakae nyuma kila mtu na eneo lake. Umemleta kocha anayetegemea watu wanne, halafu wiki moja kabla ya msimu unamuuza aliye bora katika hao wanne. Hesabu gani hiyo?

Mjomba Bakari (Irving): Hesabu ya Jerry.

Shangazi Rehema: Jerry ndiye kocha?

Mjomba Bakari (Irving): Mwenye mali. Kainunua timu 1989, na meneja mkuu ni yeye mwenyewe. Hakuna wa kumwambia bwana hapo umekosea.

Mama Salim: Kwani walishindwa kuelewana nini?

Salim (Arlington): Pesa Mama. Jerry alikaa na kijana machi, wawili tu, akadhani wamemaliza. Wakili wa kijana akasema mimi sikuwepo, hatujamaliza chochote. Agosti mosi kijana akaandika hadharani nataka kuondoka. Mechi ya mwisho ya maandalizi akaonekana kalala chali kwenye kitanda cha matibabu pembeni ya uwanja. Hapo nikajua.

Zuhura (Milwaukee): Green Bay wamempa dola milioni 188 kwa miaka 4. Hakuna asiyekuwa kwotabeki aliyewahi kulipwa hivyo.

Idi (Nairobi): Nimepiga kwa bei ya leo. Ni zaidi ya shilingi bilioni 24.

Shangazi Rehema: Za Kenya??

Idi (Nairobi): Za Kenya.

Shangazi Rehema: Kwa kukimbiza mtu.

Mama Salim: Na wewe Salim ile fulana yake ulinunua kiasi gani?

Salim (Arlington): Mama tutaongea.

Mama Salim: Tutaongea sasa hivi, inbox.

Ijumaa, 29 Agosti 2025

Mjomba Bakari (Irving): Ijumaa Mubarak. Nimetoka kazini sasa, nimeyasoma yenu yote. Salim nakuona wewe ni kijana wa 1997, wakati unazaliwa Dallas tumeshakula kombe la mwisho. Mimi nilishuka Texas wakati timu ni tamu, basi wacha nikupe historia. 1989 Jerry kanunua timu mbovu kabisa, mwaka ule walishinda mechi 1 kati ya 16. Mchezaji mmoja tu ndiye alikuwa wa maana, Herschel Walker. Wakamuuza Minnesota katikati ya msimu, watu wakatukana kama unavyotukana wewe jana. Walichopata ni rundo la nafasi za drafti, na humo ndimo alimopatikana Emmitt Smith mwaka uliofuata. Vikombe 3 ndani ya miaka 4. Jana Jerry kakaa mbele ya waandishi na hadithi ni hiyo hiyo ya Walker, na kwamba tulikuwa tunakanyagwa katikati, kwa hiyo tunamhitaji Clark. Na hapo Salim usibishe, ulikuwepo. Januari 2024, hapa hapa nyumbani, Green Bay walitupitia katikati wakatufunga 48 kwa 32. Parsons alikuwa uwanjani siku ile.

Zuhura (Milwaukee): Siku tamu sana 🧀

Mjomba Bakari (Irving): Kidole kimoja hakivunji chawa.

Zuhura (Milwaukee): Sawa Mjomba, na nyinyi mmeuza dole gumba.

Idi (Nairobi): Aaaah 😂😂 Mjomba jibu!

Zuhura (Milwaukee): Halafu kwa heshima zote Mjomba, hiyo hadithi umeipunguza. Walker alikuwa mkimbiaji, wa kukimbia na mpira. Mkimbizaji wa kwotabeki Dallas hawakuuza, walinunua. 1992 walimchukua nani kutoka San Francisco?

Mjomba Bakari (Irving): Charles Haley.

Zuhura (Milwaukee): Na vikombe vikaanza lini?

Mjomba Bakari (Irving): Msimu ule ule.

Salim (Arlington): ASANTE. Haley ana pete 5 za ubingwa, na 3 kati yake ni za Dallas. Kabla ya Haley walikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumtia hofu kwotabeki.

Salim (Arlington): Na DeMarcus Ware je? Seki 117 na jezi yetu, mpaka leo hakuna aliyemfikia. 2014 wakamwachia aende, eti kachoka, eti ghali. Akaenda Denver. Februari 2016 yuko Super Bowl pamoja na Von Miller wanamfanya kwotabeki Cam Newton asijue aelekee wapi, yeye kamwangusha mara 2, mwenzake mara 2 na nusu. Pete ikavaliwa Denver. Sisi tukabaki na nafasi kwenye bajeti.

Mjomba Bakari (Irving): Hilo la Ware mimi mwenyewe liliniuma.

Zuhura (Milwaukee): Green Bay tulipitia upande wa pili wa hadithi. 1993 Reggie White aliondoka Philadelphia akaja kwenye baridi yetu, watu hawakuamini. Januari 1997 kwenye Super Bowl aliwaangusha New England mara 3. Ndiyo maana jana huku watu walipiga honi barabarani. Msimu uliopita aliyetuongoza kwa seki ni Rashan Gary, 7 na nusu. Tunafika karibu, tunafika karibu, mpira umeshaondoka. Sasa wapinzani wakiweka watu wawili kwa Parsons, Gary atabaki na mmoja.

Shangazi Rehema: Hapo nimekuelewa. Kumbe ni kama kukimbiza kuku wa Idi uani. Yule mtoto mwepesi hamkamati yeye, yeye humgeuza tu, anayemkamata ni yule mzito aliyesimama mlangoni.

Salim (Arlington): Shangazi umeeleza vizuri kuliko televisheni yote ya jana.

Idi (Nairobi): Kuku WANGU? 😂

Shangazi Rehema: Wa sikukuu, wewe. Jina lako ni la baraka lakini si kila kitu chako.

Idi (Nairobi): Mimi kesho naenda Kasarani, fainali ya CHAN, Morocco na Madagascar. Tiketi nilinunua nikijua Harambee Stars watakuwepo. Madagascar wakatutoa kwa penalti. Kwa hiyo Salim, pole yangu ni ya mtu anayejua.

Salim (Arlington): Nimeipokea ndugu yangu.

Mama Salim: Sasa mmebaki na nani? Maana kulia hakuleti mtu.

Salim (Arlington): Mama umeuliza swali lenyewe. Pembeni tuna Dante Fowler, karudi kwetu akitokea Washington, kule alipata seki 10 na nusu. Lakini umri umesogea, na pale Washington hakuwa akicheza kila mpira. Sam Williams yuko, msimu mzima uliopita alikaa nje kwa goti. DeMarcus Lawrence hayupo, kahamia Seattle. Katikati tuna Osa Odighizuwa, machi wamempa milioni 80 kwa miaka 4, na huyo kwangu ndiye anayenipa moyo, kwa sababu anapenya kutokea katikati, na kwotabeki akibanwa kutoka katikati hana pa kupiga hatua mbele. Clark akila walinzi wawili, Osa atabaki na mmoja. Hilo nakubali.

Mjomba Bakari (Irving): Na yule mtoto.

Salim (Arlington): Na yule mtoto, Donovan Ezeiruaku. Drafti ya mwaka huu, nafasi ya 44, katoka Boston College na seki 16 na nusu mwaka wake wa mwisho. Si mkubwa wa mwili. Ila mikono yake! Mlinzi anapeleka mkono amshike kifuani, yeye keshaupangua kwa chini na bega keshalipitisha, mlinzi anashika hewa. Nimeitazama video moja hiyo mpaka mke wangu kazima simu.

Shangazi Rehema: Ezeiruaku. Si jina la huko hilo.

Salim (Arlington): Asili Nigeria. Na Osa pia.

Shangazi Rehema: Basi mna heri.

Zuhura (Milwaukee): Anayechukuliwa raundi ya pili, Shangazi, si Parsons. Parsons mwaka wa kwanza alipata 13. Hawapatikani kila drafti hao. Na hizo nafasi 2 mlizopewa zitakuwa za mwisho mwisho, kwa sababu sisi tutashinda.

Mjomba Bakari (Irving): Parsons mgongo unamuuma, hilo mbona hulisemi?

Zuhura (Milwaukee): Nalisema. Naliogopa hata mimi. Milioni 188 na mgongo. Inshallah kheri.

Salim (Arlington): Mimi msimamo wangu ni huu, kisha nalala. Tutazuia mbio vizuri zaidi, Jerry kwa hilo anaweza kuwa na haki. Lakini mpinzani anakimbia na mpira akiwa mbele kwa pointi. Anayekuua dakika ya mwisho, umemzidi pointi 4, ni kwotabeki aliyesimama ametulia anachagua. Dakika ile tulikuwa tunamtazama namba 11. Sasa tutamtazama nani? Alhamisi ijayo tunafungua Philadelphia kwa hao hao mabingwa, kwotabeki wao Jalen Hurts, miguu myepesi. Jibu tutaliona mapema.

Mjomba Bakari (Irving): Msimu uliopita tulishinda 7 tukafungwa 10 na Parsons tunaye. Kwotabeki wetu Dak aliumia, hapo ndipo tulipokufa. Akiwa mzima msimu wote nasema tutashinda 9.

Zuhura (Milwaukee): Iandikwe. Mjomba kasema 9. Na ile ya Septemba 28 umeihesabu?

Idi (Nairobi): Septemba 28 kuna nini?

Zuhura (Milwaukee): Green Bay wanakuja Arlington. Parsons anarudi nyumbani 😌 Nimeshaomba ruhusa kazini, nafikia kwa Salim.

Salim (Arlington): Nani kakualika?

Mama Salim: Atafikia kwako. Na jezi yake ya kijani haitatupwa nje ya mlango.

Salim (Arlington): Naam Mama.

Mjomba Bakari (Irving): Dallas ikishinda Zuhura anapika biriani ya ukoo wote wa Texas. Green Bay ikishinda anapika Salim.

Zuhura (Milwaukee): Nimekubali. Salim ajifunze kuchuja mchele mapema.

Shangazi Rehema: Na wakitoka sare?

Salim (Arlington): Sare huku zipo kwenye sheria tu Shangazi, miaka inapita hujaiona. Hilo usiliwaze.