Mjadala: Manjano ya chunguni na manjano ya chupani, ni kitu kimoja?

Mtoa mada, Amu (Lamu):

Nduzangu wa Amu na Malindi, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno, maana linagusa watu wetu wenyewe.

Barazani kumezuka pande mbili. Wengine wanasema viungo ni dawa tangu enzi za mababu, kwa hiyo zile chupa za unga wa "kusafisha ini na figo" haziwezi kumdhuru mtu. Wengine, kwa kuwa wamesikia kuna waliovimba ini, wanawakataza wagonjwa hata mchuzi. Mimi naona wote wamesahau kuuliza kiasi. Ninataka kaunti iwalazimishe wauzaji waandike kwenye chupa kilichomo na kipimo chake.

Kilichonifikisha hapa ni mjomba wangu wa Siyu. Alikuwa akila kijiko kikubwa cha manjano na pilipili manga, kwa asali, asubuhi na usiku, kwa miezi miwili. Macho yakaanza kugeuka rangi. Tukaambizana ni manjano yanatoka, dawa inafanya kazi. Lugha ilituponza: kiungo ni manjano, na macho ya mgonjwa wa ini nayo ni manjano. Mkojo ulipokuwa kama chai ya rangi ndipo tukampakia boti kumpeleka hospitali. Daktari alitafuta virusi vya homa ya ini, hakuviona. Akamwachisha ule unga, basi. Vipimo vilishuka taratibu, wiki baada ya wiki.

Hakuwa wa kwanza duniani. Italia ilitoa tahadhari mwaka 2019 na Australia mwaka 2023, zote kuhusu vidonge vya manjano na ini. Katika unga wa manjano kuna kemikali iitwayo kurkumini, kama asilimia 3 hivi, na kwa kawaida mwili huifyonza kidogo sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba pilipili manga inaweza kuongeza ufyonzwaji huo mara 20. Sasa pigeni hesabu: mchuzi wa samaki wa watu sita nautia nusu kijiko cha chai. Mjomba kwa siku alikula vijiko sita vya chai peke yake. Hiyo ni zaidi ya mara sabini ya fungu la mla mchuzi mmoja!

Kwa upande wa figo, manjano yakiliwa mengi huleta okzaleti nyingi, kemikali ambayo hushikana na kalsiamu na kuwa mawe kwa mtu mwenye maelekeo hayo. Lakini adui mkubwa zaidi wa mgonjwa wa figo jikoni ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku. Ukimnyang'anya tangawizi, kitunguu thomu, bizari na ndimu, atakula nini kisicho na chumvi na bado kikapita kooni? Nimewaona wakirudi kwenye chumvi kwa sababu hiyo hiyo. Tahadhari yangu ni kwa masala ya pakiti tu, mengi yamechanganywa na chumvi tayari.

Na mafuta ya karafuu, tafadhali, yasiachwe karibu na watoto. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, ini lake linaweza kufa.

Muuza viungo, Malindi:

Dada, pole kwa mjomba. Lakini mbona hamsemi dawa za hospitali? Panado nayo huua ini. Mimi nasaga mwenyewe, wateja wangu ni wavuvi na akina mama wasio na pesa ya kliniki. Mkitutia lebo na leseni, mtakuwa mmewafungia mlango maskini.

Mtoa mada:

Kaka yangu, umesema kweli, Panado ikizidi huua ini. Ndiyo maana pakiti yake imeandikwa vidonge vingapi na kwa saa ngapi. Sijaomba leseni, naomba maandishi. Wewe unasaga mwenyewe, nakuamini. Andika basi na ulikonunua. Bangladesh watafiti walikuta manjano yametiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi huharibu figo. Serikali yao ilipoanza kupima sokoni na kutoza faini mwaka 2019, uchafu huo ulipungua mno.

Huyo mvuvi asiye na pesa ya kliniki ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Akivimba ini hana nauli ya boti, seuze ya kwenda Mombasa. Hiyo chupa iliyoko dukani kwako sasa hivi, inamwambia ale vijiko vingapi, kwa siku ngapi, na aache akiona nini?