Chuo kimeleta msanii mgeni, picha za watoto wetu zimetundikwa njia ya chooni

Assalaam alaykum wadau. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite. Mie si msanii, ni seremala, kibanda changu kiko Mwanakwerekwe. Nina hasira tangu Jumamosi, na mke wangu kaniambia nikawasimulie wengine, yeye masikio yamejaa. Basi wengine wenyewe ndio nyinyi.

Nina mpwa wangu anasoma sanaa katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja. Chuo sikitaji, kijana hajapewa cheti bado. Wana jumba lao la maonesho, nyumba ya kizamani ndani ya Mji Mkongwe, na kila mwaka wanafunzi wanaomaliza hutundika kazi zao pale kwa wiki mbili. Walimu wanapita na kutoa maksi. Hayo si mapambo, ule ni mtihani wao.

Mwezi wa pili akanijia na wenzake watano. "Mjomba, tunataka fremu 22." Tukapatana 18,000 kwa moja, jumla 396,000. Wakachanga 150,000, zilizobaki wakasema picha zikiuzwa nitapata. Nikakubali. Ndiyo, najua, msinicheke.

Mbao za paini kutoka bara, nimezipiga randa mwenyewe, kona nikakata nyuzi 45, msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwami. Na hao watoto hawana uwezo wa kanvasi ya dukani. Wananunua kitambaa cha merikani sokoni Darajani, wanaikaza kwenye mbao, wanaipaka gundi ya mbao iliyopunguzwa maji, halafu rangi nyeupe ya ukutani tabaka mbili tatu, ndipo wanachora. Ni kazi ya wiki nzima kabla hata brashi haijagusa rangi yenyewe.

Moja katika picha za mpwa wangu ni ya mama yake, yaani dada yangu, yuko kwenye mwani Bwejuu. Kainama, maji magotini, anafunga mche kwenye kamba, vijiti vimepangana nyuma yake mpaka mbali. Dada analima mwani tangu msichana, miaka ya mwanzo ya 1990, zao lenyewe bado geni hapa kwetu. Kijana kachora mwani ule mwembamba, maana ule mnene wenye bei umeshawashinda, maji yamekuwa ya moto unaoza mikononi. Lakini kilichonimaliza mie ni vidole. Kavichora vimekunjamana kwa chumvi, kucha zimelika upande mmoja, upande ule anaokazia kamba. Mimi kakake sikuwahi kuviona vidole vile mpaka nilipoviona kwenye picha.

Sasa sikilizeni. Imebaki wiki moja wafungue, wanaambiwa ukumbi umechukuliwa. Kuna msanii mgeni, mama mmoja kutoka Ulaya, na ratiba yake haiwezi kusogezwa. Za wanafunzi ndizo zinazosogea. Zikasogezwa wapi? Ujia wa nyuma, ule unaotoka kwenye ngazi kwenda chooni. Masika hiyo, mwezi wa nne, mvua inapiga usiku kucha.

Anayezijua nyumba zetu za mawe keshafahamu. Mawe ya matumbawe na chokaa yanakunywa maji kutoka chini kama utambi wa taa. Zamani haikuwa neno, chokaa inapumua, maji yanaingia na kutoka. Lakini ukuta ule wa nyuma mtu kaufunika saruji, na saruji inayafungia maji ndani. Ukiweka kiganja unahisi ubaridi. Rangi imevimba mpaka usawa wa kifua, chumvi imetoka nyeupe kama unga. Hapo ndipo walipogongomea misumari na kuzilaza picha 22 zigusane na ukuta.

Nilikuwepo siku hiyo, nimepeleka fremu mbili za mwisho. Nikamwambia msimamizi, kwa adabu kabisa, "Bwana, nipe nusu saa nigongee vipande vya mbao nyuma, kila pembe ya chini kimoja, picha iachane na ukuta upepo upite." Bure, sikutaka hata senti. Vipande ninavyo gunia zima, ndivyo ninavyowashia jiko. Kanijibu, "Usijali fundi, ni wiki mbili tu."

Siku ya tisa kijana kanipigia simu usiku. Nimekwenda asubuhi yake, tumeigeuza picha ya mama yake. Nyuma merikani yote madoa, meusi na ya kijani, harufu ya kapu la samaki. Mbele gundi imelainika, na pale kwenye bahari rangi imetoka malengelenge. Nimegusa moja kwa ncha ya ukucha, likabanduka na kuniangukia kiganjani, dogo kama gamba la dagaa. Mpwa wangu kalitia kwenye kibiriti. Na kona ya fremu imefunguka. Kona yangu mimi! Miaka 26 nafanya kazi hii.

Kumi na moja kati ya 22 zimeharibika kwa namna moja au nyingine. Walimu walikuwa hawajatoa maksi bado.

Upande wa mgeni sasa. Madirisha makubwa, taa mpya za kuelekeza, kiyoyozi kinaguruma. Kila kazi ina kadi ngumu iliyochapwa: jina, mwaka, vifaa, bei kwa dola. Za wanafunzi zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mistari inaonekana, jina la mpwa wangu limekosewa, bei hakuna. Na siku ya ufunguzi mnajua watoto wenyewe walikuwa wapi? Wamepewa masinia, wanapitisha sambusa na kachori kwa waalikwa. Watahiniwa hao. Mtihani wao unalowa hatua 30 nyuma yao, wao wanauliza nani hajapata juisi ya ukwaju.

Zikaja hotuba. Mkubwa mmoja kamtaja mchoraji Lubaina Himid mara tatu, "binti yetu, binti wa Zanzibar, kashinda Turner Prize mwaka 2017." Ni kweli, tuzo hiyo kubwa ya sanaa ya Uingereza kaishinda, na kazaliwa hapa 1954, na mie pia najivunia. Lakini kachukuliwa mchanga kupelekwa Uingereza, na huko ndiko alikosomeshwa na kupewa kuta za kutundika. Angebaki hapa akasoma chuo hiki, picha zake zingekuwa pale pale karibu na ndoo ya kunawia.

Mgeni mwenyewe simlaumu, na hapa naomba msije mkamtukana huko chini. Kauliza mbele ya watu, kazi za wanafunzi ziko wapi? Akaambiwa ziko kwenye matayarisho. Haya, baadaye mama wa watu kaenda chooni, kazikuta mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa kapita na sinia akamwona kasimama mbele ya picha ya dada, mkoba begani, hatoki. Kauliza bei. Kijana kabla hajafungua mdomo, msimamizi kafika mbio: "Za wanafunzi haziuzwi."

Haziuzwi kwa amri ya nani? Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Huyu kaja na pesa mkononi, na aliyezuia mwenyeji asipone ni mwenyeji mwenziwe. Na mie 246,000 zangu zimelowa pamoja na picha.

Nilipokwenda kulalamika nimepewa jibu ambalo bado linanikaa kooni. Eti wageni wanataka picha za tingatinga, hizi za wanafunzi si za kuonesha watu. Bwana mkubwa, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kule Dar es Salaam kwa vipande vya hadubodi na rangi ya baiskeli, akiuza nje ya duka pale Oysterbay, na kafariki 1972. Naye angesubiri aambiwe wageni wanataka nini asingechora hata ndege mmoja. Ukitaka tingatinga nenda Ngome Kongwe, zimejaa, nunua, tundika nyumbani kwako. Chuo ni cha kusomesha.

Najua kuna watakaosema mgeni huleta ufadhili, wanafunzi hujifunza kwake. Sikatai. Nyumba ina vyumba, yangewezekana yote mawili: ukumbi ugawanywe, au wanafunzi wasogezwe mpaka mwezi wa saba baada ya mvua hizi. Au basi, wallahi, vipande 44 vya mbao na nusu saa.

Ninachotaka sasa ni vitu vitatu na si vingi: watoto wapewe maksi kwa picha zao zilivyokuwa kabla ya kuharibika (wamezipiga picha kwa simu zote, ushahidi upo), kuna mtu alipe zile 11, na kazi zirudishwe mikononi mwao. Maana sasa hivi zimefungiwa stoo, na hawapewi mpaka wasaini karatasi kwamba wamezipokea zikiwa salama. Kuna mwanasheria humu? Karatasi hiyo mtu akikataa kusaini inakuwaje? Mnijibu hapa hapa, msije inboksi.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nashukuru kwa majibu, ntayapitia yote. Aliyesema nikaushe merikani kivulini na si juani, ahsante, lakini kwanza tuzipate. Na hii mtacheka. Chuo wamenipigia simu baada ya Isha. Si kwa sababu ya uzi, hawajauona. Wana mgeni mwengine mwezi wa saba, wanataka fremu 12 za mninga, malipo baada ya maonesho. Nimewaambia nasubiri gundi ikauke.