Eyre Highway kwa baiskeli: maji nibebe kiasi gani?

Pedali_Polepole
Wakuu, habari zenu. Naishi Perth, na mwezi wa tisa nataka kuvuka Nullarbor, ile nyika kame ya kusini mwa Australia, kwa baiskeli kwa kufuata barabara ya Eyre Highway: Norseman hadi Ceduna, kama kilomita 1,200. Kinachoninyima usingizi ni kipande cha Balladonia hadi Caiguna. Kilomita 182 bila hata kibanda, na ndani yake ule mnyoosho wa kilomita 146.6 usio na kona. Kwa mzigo nilio nao, kukimaliza kwa siku moja siwezi. Nibebe lita ngapi? Au nianzie Ceduna, nije magharibi?

Babu_Spoku
Mwanangu, hicho unakiogopa kwa sababu ya namba tu. Miti ipo, kivuli kipo, na pa kupiga hema mbali na lami hupakosi. Mimi kilichonitoa jasho ni Border Village hadi Nullarbor Roadhouse (roadhouse ni kituo cha njiani cha mafuta, chakula na malazi). Urefu ni karibu uleule, lakini ni vichaka vifupi, na ukikaribia Nullarbor hata hivyo vinakwisha. Upepo ukitoka baharini hakuna cha kuuzuia. Ila usipite bila kukata kulia kutazama yale majabali yanavyoangukia Great Australian Bight, ile ghuba kubwa ya kusini.

Maji: lita 12 kwa kila kimoja cha vipande hivyo viwili, yaani siku mbili za kunywa na kupika. Kuoga sahau. Kwenye baadhi ya vituo vya kupumzikia kuna matangi ya maji ya mvua. Ukiyakuta na maji shukuru, ila usiyaweke kwenye hesabu. Kwenye roadhouse panga kununua, maana kule maji ni adimu na bomba la bure si la kulitegemea.

Anzia Norseman. Majira hayo pepo za magharibi bado zina nguvu. Arthur Richardson alitoka Coolgardie kwa baiskeli Novemba 1896 na begi dogo na mfuko wa maji, akafuata nyaya za telegrafu, akafika Adelaide kwa siku 31. Barabara yenyewe ilichongwa mwaka 1941 wakati wa vita, na lami haikukamilika hadi 1976. Wewe unalia na lami chini yako!

Mama_Tandemu
Shikamoo Babu. Kwenye upepo naomba nikupinge kidogo. Sisi tulipigwa na mbisho kutoka mashariki Septemba hiyohiyo, tukawa tunakanyaga kama tuliofungwa kamba. Mdogo wangu, angalia utabiri kila penye mtandao, na ukiona mbisho lala hapohapo Cocklebiddy au Madura. Chakula cha siku ya akiba kina faida kuliko ubishi.

Kitu ambacho hujauliza ni malori. Yale ya matrela mawili hufika mita 36.5. Funga kioo upande wa kulia, na ukiona moja nyuma na jingine mbele, shuka kwenye changarawe mapema. Usisubiri honi.

Matunda na mboga mbichi yamalize kabla ya Ceduna, wakaguzi wa kilimo wako pale. Na Caiguna usishangae saa ya ukutani kuwa mbele dakika 45. Si mbovu, ndiyo saa yao hadi Border Village.

Pedali_Polepole
Marahaba kwa wote, haha, samahani, asanteni! Norseman basi. Mlima upo?

Babu_Spoku
Ukienda mashariki, Madura unateremka na Eucla unapanda. Panda asubuhi. Halafu chukua wavu wa uso, nzi wa kule huingia mpaka puani, na mikono yote miwili iko kwenye usukani.