Wakuu, gofu ya bei nafuu jangwani: Mesquite au Palm Springs?

Mlugalo (mwanzisha uzi)
Heshima kwenu wakuu. Tuko washikaji wanne hapa Minneapolis, wote tulianzia kushika fimbo pale uwanja wa Lugalo, Dar. Baridi ya huku ikishika, viwanja hufungwa mpaka Aprili, kwa hiyo tunataka tuufunge mwaka kwa siku nne za gofu kwenye joto bila kuuza figo. Scottsdale, Arizona, tumeona bei, tukafunga ukurasa kimya kimya. Yamebaki majina mawili: Palm Springs kule California, na kamji kanaitwa Mesquite, Nevada, ambako mmoja wetu kakang'ang'ania. Bajeti dola 800 kwa kichwa, ukiondoa ndege. Tarehe tunafikiria mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, maana nimeona bei ziko chini. Mabingwa hatuna, handikapu zetu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, ikiwa kubwa we ni dhaifu) ni za kuficha. Waliofika naombeni ushauri.

Kigoda
Mesquite, mchana kweupe. Mnashuka Las Vegas, mnakodi gari, mnashika barabara ya I-15 kuelekea kaskazini-mashariki, kilomita 130 hivi mmefika. Ni mji mdogo mpakani na Arizona, wastaafu kibao, viwanja vya gofu vimesongamana kuliko vituo vya mafuta. Usiku hakuna kitu, kama mnakwenda kutafuta miziki mtaumia.

Pwani Mchangani
Mimi natetea Palm Springs. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa, bonde zima la Coachella lina viwanja zaidi ya mia, na Tahquitz Creek ni mali ya mji, una viwanja viwili vya mashimo 18, bei si ya kutisha. Milima ile asubuhi ukiiona unasahau hata kama mpira umeingia kwenye mchanga.

Kigoda
Mkuu milima hailipi hoteli. Palm Springs kulala ndiko kunakokumaliza. Mesquite vyumba ni rahisi kwa sababu kasino ndizo zinazokulaza, zinataka uamke usiku ukachezee mashine zao. Lala tu, utakuwa umewashinda.

Bibi Henderson
Wanangu, nakaa jirani na Las Vegas na Mesquite huwa naenda na kina mama wenzangu. Kabla hamjabishana mji, badilisheni tarehe. Mwisho wa Septemba na Oktoba bei iko chini, na ina sababu yake! Nyasi za jangwani wakati wa kiangazi ni bermuda, usiku ukianza kupoa zinalala na kuwa kahawia. Kwa hiyo viwanja hukata nyasi hizo chini kabisa, humwaga juu yake mbegu za rai, nyasi za msimu wa baridi, kisha humwagilia mara nyingi kwa siku. Kiwanja hufungwa wiki mbili tatu, na kila kimoja kina tarehe zake. Vilivyobaki wazi vinajaa watu. Kikifunguliwa, mara nyingi vigari vya kubebea wachezaji haviruhusiwi kukanyaga nyasi, vinabaki kwenye njia ya saruji. Mpira uko upande wa pili, wewe unatembea na fimbo tatu mkononi hujui utahitaji ipi, na jua liko kichwani. Nendeni katikati ya Novemba. Kijani kinang'aa kama zulia, mchana nyuzi 20 hivi, asubuhi sweta. Wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani mwishoni mwa Novemba, iepukeni.

Mlugalo
Shikamoo bibi! Hili hakuna tovuti iliyonieleza, zote zimeandika tu "ofa ya vuli". Sasa Novemba bei si inapanda?

Bibi Henderson
Marahaba. Inapanda, ila siku za wiki ndizo zenye nafuu. Ingieni Jumapili mtoke Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi watu wa Las Vegas na Utah wanamiminika, chumba kilekile bei inaruka. Kisha ulizeni kifurushi cha chumba na gofu pamoja. CasaBlanca na Virgin River ni hoteli za kampuni moja, na hupanga vifurushi vya hivyo. Mkipewa bei, ulizeni kama kodi na ada ya huduma za hoteli vimo ndani, na kigari kimo au la.

Kigoda
Nyongeza: msidanganyike na punguzo la alasiri. Wakati wa kiangazi ni zuri, Novemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Ukianza saa saba mchana utapiga mashimo kumi na kidogo kati ya 18, mengine utayaona kwenye picha. Anzeni kabla ya saa nne asubuhi.

Fimbo Saba
Na uwanja wa Wolf Creek hapo Mesquite je? Ule wa majabali, kila mtu anaposti.

Bibi Henderson
Wolf Creek ni nzuri, lakini msimu wa juu huvuka dola 200 kwa mtu kwa raundi moja, na kwa handikapu za kuficha mtaacha mipira bondeni mpaka mkope. Uwanja wa CasaBlanca uko tambarare karibu na mto Virgin, unawafaa. Uwanja wa Falcon Ridge una milima kidogo. Mkitaka kubadilisha, St. George ya Utah ni kilomita 60 hivi, na mji wenyewe unamiliki viwanja vinne, kikiwemo Sunbrook chenye mashimo 27. Ila Utah iko saa moja mbele ya Nevada. Mkipangiwa kuanza saa tatu asubuhi Sunbrook, Mesquite ni saa mbili, na bado mna safari ya kupita korongoni.

Mkia wa Mbuzi
Mimi nauliza hivi, mkienda wanne mnakodi gari gani? Sisi tulipewa gari dogo la saluni, mabegi mawili ya gofu yakajaza buti, wengine tukakumbatia fimbo mapajani. Chukueni gari kubwa, mkigawana kwa wanne haliumi. Ndege nyingi za hapa Marekani zinahesabu begi la gofu kama begi la kawaida likiwa chini ya kilo 23, kwa hiyo msijaze viatu na mikebe ya mipira humo.

Pwani Mchangani
Nakubali yaishe. Lakini Januari nawasubiri Palm Springs.

Mlugalo
Basi ni Mesquite, katikati ya Novemba, Jumapili mpaka Alhamisi. Raundi mbili CasaBlanca, moja Falcon Ridge, moja Sunbrook. Kuna mshikaji bado analilia Wolf Creek, nimemwambia alipe mwenyewe, sisi tutakwenda kumpiga picha. Bibi, mpira ukiingia vichakani tunaufuata?

Bibi Henderson
Uacheni. Nyoka wa kengele mkiani yupo kule, na miiba ya kaktasi haitoki bila koleo. Nunueni mipira iliyotumika, ya bei ya chini, na mkubaliane mapema kwamba jangwani ni pigo moja la adhabu, mnaendelea.