Manowari ya kwanza kwa mtu wa Lubumbashi: plastiki ya 1/700, plastiki ya 1/350, karatasi au mbao?

Kijana wa Kampemba (Lubumbashi)

Wakubwa wangu, nawasalimu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikitazama picha za modeli zenu za manowari bila kuunganisha hata kipande kimoja, na sasa nimeweka akiba inayotosha kununua kitu kimoja tu. Shemeji yangu anarudi kutoka Johannesburg mwezi ujao kwa njia ya Kasumbalesa, naye amekubali kunibebea boksi moja. Sitaki kukosea, kwa sababu nafasi kama hiyo haitarudi mwaka huu.

Nimebaki na njia nne. Ya kwanza ni manowari ya Wajerumani Bismarck ya plastiki katika kipimo cha 1/700, yaani ndogo mara 700 kuliko meli halisi, ambayo bei yake ni ya chini. Ya pili ni Emden, nayo ni manowari ya Wajerumani, ya kiwanda cha Revell katika kipimo cha 1/350, ambayo ni ghali zaidi lakini vipande vyake vinashikika. Ya tatu ni kuchapisha manowari ya karatasi hapa hapa mjini. Ya nne ndiyo inayonivuta moyo, nayo ni kuichonga mwenyewe Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyotawala ziwa Tanganyika hadi mwaka 1916, ingawa sijawahi kushika randa. Ninayo meza, wembe, kibano na taa ya betri kwa ajili ya jioni ambazo umeme hukatika. Naomba ushauri wa watu waliopitia njia hizi.

Fundi Katuba (Lubumbashi)

Karibu, mdogo wangu. Nimejenga plastiki za vipimo vyote viwili, kwa hiyo nitasema juu ya hizo tu.

Usidanganywe na bei ya 1/700. Bismarck halisi ilikuwa na urefu wa mita 251, kwa hiyo katika 1/700 inakuwa na sentimita 36 hivi, nayo inakaa vizuri kwenye rafu. Lakini baharia mwenye kimo cha mita 1.75 anakuwa na milimita 2.5, na reli ya sitaha yenye kimo cha mita moja inakuwa na milimita 1.4. Vipande vidogo vya namna hiyo vikiruka kutoka kwenye kibano vikaanguka kwenye sakafu ya saruji, hutaviona tena. Mimi nilipoteza mizinga mitatu midogo katika jioni moja, na meli hiyo mpaka leo ina upande mmoja uliopungukiwa. Udogo wa modeli hupunguza bei na nafasi, haupunguzi kazi.

Faida ya 1/700 ni kwamba modeli nyingi za kipimo hicho hukatwa kwenye mstari wa maji, utaratibu ulioenezwa na viwanda vinne vya Japani kuanzia mwaka 1971, navyo ni Tamiya, Aoshima, Hasegawa na Fujimi. Kwa kuwa sehemu ya chini haipo, unaweza kuilaza meli moja kwa moja juu ya maji uliyotengeneza. Maji hayo hayana gharama: unatandaza karatasi ya choo juu ya ubao, unailowesha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, unaisukuma kwa brashi mpaka ijikunje kama mawimbi, kisha unaiacha ikauke siku mbili kabla ya kuipaka rangi.

Kwa mwanzo ningechukua Emden. Ilikuwa na urefu wa mita 118, kwa hiyo katika 1/350 ina sentimita 34, karibu sawa na Bismarck ya 1/700, lakini kila kitu juu yake kinakuwa kikubwa maradufu. Una mabomba matatu ya moshi, milingoti miwili na mizinga 10 yenye tundu la sentimita 10.5, na hakuna msitu wa mizinga midogo ya kupigia ndege unaowachosha wanaoanza.

Jambo moja kuhusu rangi. Usimwagize shemeji rangi za mafuta wala gundi ya kuyeyusha plastiki ikiwa atapanda ndege, kwa maana vitu vinavyoshika moto haraka haviruhusiwi katika mizigo. Mwagize akriliki zinazochanganywa na maji. Wala usijaribu kupulizia plastiki rangi ya magari inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Ikipulizwa nzito, hula uso wa plastiki na kuuacha na mikwaruzo kama ngozi ya chura.

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu Kijana, naomba usiipite karatasi haraka. Watu huidhani ni mchezo wa watoto wa shule, lakini nchini Poland na Ujerumani ni ufundi wenye historia ndefu, na manowari za karatasi za huko huchapishwa kwa kawaida katika 1/200 au 1/250, vipimo vikubwa kuliko boksi lolote utakaloweza kulilipia. Bismarck ya 1/200 ina zaidi ya mita moja na robo. Nimejenga mbili, na gharama yangu kubwa ilikuwa wembe.

Chapisha kwenye karatasi ya gramu 160 hadi 200, na uhakikishe mashine ni ya leza. Wino wa maji ulinitia hasara: nilikuwa nimemaliza sitaha yote, mvua ya Novemba ikanyesha, unyevu ukaingia nyumbani, na kijivu cha sitaha kikatambaa mpaka kwenye mstari mweusi wa maji. Siku hizi napaka vanishi isiyo na rangi pande zote mbili za karatasi kabla ya kukata. Mataruma ya ndani, yaani mbavu zinazolishika umbo la meli, uyagandishe juu ya kartoni ya milimita moja, kwa sababu mbavu laini huliacha ganda likibonyea, na macho huona bonde hilo hata baada ya miaka.

Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kisu juu ya mstari ili karatasi ikunjike bila kupasuka. Baada ya kukata, paka kila ukingo rangi inayofanana na uso, kwani ukingo mweupe ndio unaofichua karatasi. Mtu akiyafanya hayo mawili kwa uaminifu, mgeni wake atauliza ni chuma au ni plastiki.

Mama Himbi (Goma)

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu ukingo mweupe. Kwa Fundi Katuba nina jambo la kuongeza, kwa heshima zote.

Emden ni chaguo zuri, lakini boksi peke yake halitoi modeli unayoiona kwenye picha. Reli za sitaha, ngazi na winchi zinazopendeza kwenye picha hizo hutoka kwenye bamba jembamba la shaba lililochongwa kwa tindikali, na bamba hilo huuzwa kando. Nimeona wengi wakinunua boksi, wakikosa bamba, kisha wakivunjika moyo kwa kudhani kosa ni la mikono yao.

Hapo ndipo watu wa Katanga husema, "Sisi tuna waya wa shaba." Ni kweli, lakini tupige hesabu. Uzi mmoja wa ndani ya kebo laini ya umeme huwa na unene wa milimita 0.2 hivi. Katika 1/200 uzi huo unasimama mahali pa chuma cha sentimita 4, na jicho linaukubali kuwa reli. Katika 1/350 unakuwa sentimita 7, na reli inaanza kuonekana kama bomba la maji. Katika 1/700 unakuwa sentimita 14, yaani mti wa umeme uliolazwa juu ya sitaha. Kwa hiyo kipimo kichaguliwe kwa kutazama kwanza waya ulio nao mkononi. Mtu asiyeweza kuagiza bamba la shaba asishuke chini ya 1/200.

Kamba za mlingoti ni rahisi zaidi. Chukua tawi la plastiki ambalo vipande vya boksi hutoka vimeshikamana nalo, lizungushe juu ya mshumaa bila kuligusisha moto, na likianza kung'aa na kulegea liondoe na kulivuta polepole kwa mikono miwili. Ukivuta polepole unapata kamba; ukivuta kwa haraka unapata uzi mwembamba kama unywele. Mshumaa huo huo unafaa siku ambayo umeme haupo.

Mzee wa Reli (Lubumbashi)

Mwanangu wa Kampemba, nimesoma yote kwa furaha, na ninaona hakuna aliyekugusa pale uliposema moyo wako unavutwa.

Götzen ni meli ya heshima. Ilijengwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku 5,000 mpaka Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 71, kwa hiyo katika 1/200 ni sentimita 36. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 baada ya kuzipaka injini grisi, ikaopolewa, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba picha nyingi utakazopata ni za Liemba ya baadaye, iliyobadilishwa, na injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970. Wa pili ni tarehe. Mwaka 1915 ilibeba mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji, lakini kabla ya mwisho wake mzinga huo ulishushwa ukapelekwa vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao wa kumtishia adui. Modeli isiyo na tarehe haiwezi kuwa sahihi. Amua mwaka kwanza, ndipo uchonge.

Kwa mikono ambayo haijashika randa, meli ya mita 71 yenye vyumba, madirisha na mabomba ni mzigo mzito. Ningekuonyesha boti iitwayo Mimi na mwenzake Toutou. Hizo zilikuwa boti mbili za injini za Waingereza, kila moja ya futi 40 kwa futi 8, na zilipita katika mji huu wetu. Mwisho wa Julai 1915, zikitoka Cape Town kwa reli, zilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, zikiwa juu ya mabehewa, zikaendelea mpaka Fungurume ambako reli iliishia. Kutoka hapo zilivutwa na trekta za mvuke, ng'ombe na mikono ya wazee wetu kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikapanda reli fupi hadi Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na mwisho wa Oktoba zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba zikaiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, na Februari 1916 nyingine yao, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Katika 1/48 Mimi inakuwa na sentimita 25 kwa 5. Ganda lake lilikuwa la mbao, kwa hiyo mbao yako haijifanyi kuwa kitu kingine. Uzi wa shaba wa milimita 0.2 unakuwa na unene wa sentimita moja tu, yaani unafaa kwa kamba, na kwa reli unasokota nyuzi mbili au tatu. Hesabu ya Mama Himbi inatimia hapo.

Fundi Katuba (Lubumbashi)

Mzee, aksanti. Nilikuwa sijaipigia Mimi hesabu katika 1/48. Naondoa neno langu kuhusu Emden kuwa ya kwanza. Iwe ya pili. Na kijana akiinunua siku moja, akumbuke kwamba mizinga yake ni ya aina ile ile iliyokuwa kwenye Königsberg, kwa hiyo atakuwa na mfano wa kupimia mzinga wa Götzen.

Mama Himbi (Goma)

Ila asijaribu kuigeuza Emden kuwa Königsberg. Ni matoleo mawili tofauti, na tofauti ya mita 3 za urefu ni karibu milimita 9 katika 1/350.

Kwa mzinga wa Götzen katika 1/200 kuna sindano ya daktari ya kijani, mpya na iliyokatwa ncha: ina unene wa milimita 0.8 na tundu lake liko tayari.

Kijana wa Kampemba (Lubumbashi)

Wakubwa, aksanti sana. Nimemwandikia shemeji aache boksi, aniletee akriliki nne, nyeupe, nyeusi, bluu na kahawia, pamoja na msasa laini, kwa sababu ule unaouzwa hapa karibu ni wa kukwaruzia milango. Pesa iliyobaki naiweka.

Jana nilipata ubao wa msonobari kutoka kwenye paleti ya mizigo, nikachora mkuku, yaani uti wa chini wa boti, wa sentimita 25 na mataruma tisa. Taruma la omo, yaani la mbele kabisa, nimelikata mara tatu kabla halijakaa sawa. Swali langu ni mzinga wa mbele. Nimeona ulikuwa wa milimita 47, nami nina mrija wa wino wa kalamu wa kuutengenezea. Je, niugandishe kwa kole juu ya sitaha?

Mzee wa Reli (Lubumbashi)

Mrija unafaa, ukate sentimita 4, uupunguze kwa msasa kuelekea mdomoni, na uweke tundu katikati.

Lakini usiugandishe kwa kole peke yake. Juni 1915, wakati wa majaribio kwenye mto Thames, mzinga wa Mimi ulipiga shabaha yake barabara, kisha ukatumbukia mtoni pamoja na mpigaji, kwa maana haukuwa umefungwa sawasawa kwenye sitaha. Toboa matundu manne, pitisha vipande vya waya wa shaba kutoka kwenye kitako cha mzinga mpaka ndani ya ubao ulio chini ya sitaha, uvikunje kwa ndani, na uache vichwa vyake vinne vionekane juu. Fanya hivyo kabla ya kuifunga sitaha, la sivyo kidole chako hakitafika tena.