Wauza vitu vya kale, si kila kioo cha rangi ni Murano! Mmezidi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Kuna muuza vitu vya kale hapa mjini, jina namhifadhia. Kila kioo chenye rangi dukani kwake ni Murano, yaani kimetoka kile kisiwa cha Italia karibu na Venisi kinachosifika kwa vioo. Bakuli la kijani, Murano. Samaki wa kuweka juu ya kabati, Murano. Ukimuuliza amejuaje: "Kaka, hii orijino, hata stika ipo."

Haya, tuongee hiyo stika. Bakuli analotaka nilitolee laki nne anasema ni la miaka ya 1950. Nikaligeuza. Kitako kimejaa mikwaruzo ya kuburuzwa mezani miaka na miaka, halafu stika imekaa JUU ya mikwaruzo, safi, haijachubuka hata kona moja, gundi bado inanata kidoleni. Imeandikwa Vetro Artistico Murano, yaani kioo cha sanaa cha Murano. Alama hiyo imeanzishwa kwa sheria ya mkoa wa Veneto, ndiko Murano iliko, ya mwaka 1994! Sasa bakuli la 1950 lilibandikwa na nani? Nilipomuuliza akaniambia mimi si mnunuzi, nimekuja kumharibia biashara.

Na kioo chenyewe: kinene, rangi mbili, moja imezamishwa ndani ya nyingine, kingo zimevutwa. Kweli Murano wamefanya sana kazi hiyo, na zile alizobuni mbunifu Flavio Poli kwa kiwanda cha hukohuko cha Seguso zinajulikana dunia nzima. Lakini Chekoslovakia nako walitengeneza vya aina hiyo, kiwanda cha Chřibská, mbunifu Josef Hospodka, na kwa macho matupu hata wazoefu wanachanganya. Huamui kwa rangi. Unalinganisha umbo na vipimo na katalogi za zamani za viwanda, unaangalia kitako kilivyosagwa na kung'arishwa. Hiyo ni kazi ya kukaa chini, haifanywi kwa kubandika karatasi.

Akanitolea kingine, chombo cha maua chenye rangi za kucheza kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Eti nacho Murano! Ubavuni kina mshono wa kalibu kutoka juu hadi chini, na kitakoni kuna herufi nne: JAIN. Hicho ni kiwanda cha Firozabad, India, jamani. Tena vyombo vya Jain vina wakusanyaji wake, wanavitafuta kwa tochi. Angesema ukweli ningekinunua palepale.

Wengine nao wanakumulikia taa ya kukagulia noti, kioo kikiwaka kijani wanashangilia. Hiyo mara nyingi inakuonyesha kuna urani ndani, basi. Bohemia (sehemu ya Cheki ya leo) waliitumia, Uingereza waliitumia, Marekani waliitumia. Jina la mtengenezaji haliandikwi na mwanga.

Kama hujui kimetoka wapi, sema "kioo cha kale, asili haijulikani", na bei iwe ya kitu kisichojulikana. Mkipiga picha za kuuza, pigeni na kitako, mkwaruzo, mshono, kila kitu, siyo ua la plastiki mmelitumbukiza ndani.

Na anayejua hizi stika zinachapwa duka gani mjini aseme hapa hapa, maana wiki hii nimeziona kwa wauzaji wengine wawili.